Kusawazisha Rangi za Skrini ya Kompyuta na Kupata Matokeo Sahihi: Mwongozo Kamili

Kisutu kina rangi tatu tu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na kwa sababu hiyo ni nguo inayofichua upesi kasoro ya skrini. Miaka kadhaa iliyopita nilipiga picha za harusi hapa Tanga, bibi harusi akiwa amejitanda doti ya kisutu aliyopewa na bibi yake, nikazihariri kwa siku tatu kwenye skrini niliyoiamini. Albamu iliporudi kutoka kwa mchapaji, wekundu ulikuwa umegeuka rangi ya matofali, weusi wa pindo ulikuwa umemeza michoro yake, na nyuso za wageni zilikuwa na giza kana kwamba shughuli nzima ilifanyika magharibi. Niliingia kwa mzee yule mchapaji kwa shikamoo na malalamiko kwa pamoja. Hakubishana nami. “Mwanangu,” alisema, “nenda ukaombe hicho kisutu chenyewe, tukitazame.” Tulikiweka kando ya chapa chini ya taa yake, kisha tukakipeleka kwangu Ngamiani na kukiweka kando ya skrini, na jibu likaonekana kabla hatujasema neno. Skrini yangu iling’aa kupita kiasi na weupe wake ulielemea bluu, nami kwa siku tatu nilikuwa nikizipunguzia picha mwanga na kuziongezea umanjano ili zifanane na nilichokikumbuka.

Tangu hapo nimesawazisha skrini nyingi, zangu na za wenzangu, na jambo moja limejithibitisha kila mara: kifaa cha kupimia husema kweli kuhusu kile tu kilichowekwa mbele yake. Ukikiweka mbele ya skrini ambayo haijapata moto, ambayo mwangaza wake hujibadilisha wenyewe, ndani ya chumba kinachoingiza jua, kitakupa namba safi za hali ambayo saa moja baadaye haitakuwepo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu maandalizi na uhakiki. Kupima kwenyewe ni kazi ya nusu saa, na mashine ndiyo huifanya.

Kusawazisha na kutengeneza profaili

Kazi hii ina sehemu mbili, na anayezichanganya hupotea njiani. Ya kwanza ni kusawazisha kwenyewe, yaani kuiweka skrini katika hali inayojulikana: mwangaza wa kiasi fulani, weupe wa aina fulani, na mpando maalumu wa mwanga kutoka kwenye giza hadi kwenye weupe, ambao huitwa gama. Ya pili ni kutengeneza profaili, ambayo ni faili linaloeleza jinsi skrini hiyo, ikiwa katika hali hiyo, inavyozitoa rangi. Programu kama Photoshop hulisoma faili hilo na kuzitafsiri rangi za picha ziendane na skrini. Programu isiyosoma profaili huzipeleka namba za picha kwenye skrini kama zilivyo. Muundo wa mafaili hayo husimamiwa na International Color Consortium, iliyoanzishwa mwaka 1993, na ndiyo sababu profaili moja husomeka kwenye Windows, macOS na Linux.

Ukielewa mgawanyo huu utaelewa pia kwa nini hairuhusiwi kugusa kitufe cha mwangaza baada ya kazi kukamilika. Anayekigusa ameibadilisha hali ya skrini, na profaili itaendelea kueleza skrini ambayo haipo tena.

Kwa nini jicho halitoshi

Kanzu nyeupe huonekana nyeupe juani, chini ya taa ya umeme, na hata kwenye mwanga wa kibatari, ilhali mwanga unaotoka kwenye kitambaa hicho ni tofauti kabisa kila mara. Jicho hujizoesha, na neema hiyo inayotusaidia kuishi ndiyo inayotuzuia kupima. Mtu aliyekaa mbele ya skrini yenye weupe wa bluu kwa dakika chache tu huuona kuwa mweupe halisi, na ukimwonyesha weupe sahihi atakuambia kuwa ni wa njano. Zana za kusawazisha kwa macho zinazokuja na Windows na macOS zinaweza kukusaidia kuona kama sehemu za giza zimefungana, yaani tofauti kati yake zimepotea, lakini hazikupi usahihi, kwa sababu hakimu wake ni jicho lile lile.

Kinachohitajika ni kolorimita, kifaa kidogo kinachotosha kiganjani, ambacho huwekwa juu ya kioo cha skrini na kupima mwanga kupitia vichujio vya rangi. Zinazopatikana kwa wingi ni za Calibrite, ambazo zamani ziliuzwa kwa jina la X-Rite, na Spyder za kampuni ya Datacolor. Kipo pia kifaa cha gharama kubwa zaidi, spektrofotomita, ambacho huugawa mwanga katika urefu wa mawimbi yake na hivyo hakidanganywi na aina ya taa iliyo nyuma ya kioo, ingawa huwa dhaifu kinapopima rangi za giza sana. Mpiga picha wa kawaida anatosheka na kolorimita, na wawili watatu wanaweza kuchangia moja, kwa kuwa haitumiki kila siku.

Kolorimita ina udhaifu ambao watu wengi hawauzingatii, nao ndio chanzo kikubwa cha matokeo yanayoonekana mazuri kwenye karatasi na mabaya machoni. Vichujio vyake haviioni rangi sawasawa na jicho la kawaida lililofafanuliwa na kamisheni ya kimataifa ya mwanga, CIE, mwaka 1931; hukaribia tu. Tofauti hiyo ndogo hukua au hupungua kulingana na taa ya nyuma ya skrini: skrini za zamani zilitumia mirija ya floresenti, nyingi za sasa hutumia LED nyeupe za kawaida, zile za wigo mpana wa rangi, yaani zinazoweza kutoa rangi zilizokolea zaidi, hutumia LED zenye fosfori maalumu, na OLED hazina taa ya nyuma kabisa kwa sababu kila pikseli hujiwakia yenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kupima, programu itakuuliza aina ya skrini au faili la masahihisho yake, na swali hilo lisijibiwe kwa kubahatisha. Tafuta modeli ya skrini nyuma yake, soma maelezo ya mtengenezaji kuhusu taa na wigo wa rangi, kisha chagua. Ukichagua aina isiyo yake, weupe wote utapinda kuelekea kijani au waridi, na programu itakupongeza kwamba umefika shabaha.

Sisi wa pwani tuna jambo jingine la kuangalia. Kolorimita za vizazi vya zamani zilikuwa na vichujio vinavyochakaa kwa joto na unyevu, na hewa yetu ina vyote viwili mwaka mzima. Ukiuziwa kifaa cha mtumba cha aina hiyo, kilinganishe kwanza na kingine kinachoaminika kabla ya kukitegemea kwa kazi ya mteja.

Chumba

Studio yangu ya kwanza ilikuwa na ukuta wa kijani mkali nyuma ya kiti changu na dirisha linalotazama mashariki. Asubuhi jua lilipiga ukuta ule na kuurudisha ukijani wake kwenye kioo, na jioni chumba kilibaki na taa moja ya rangi ya njano. Skrini ilikuwa ni ile ile, lakini picha niliyoihariri saa mbili asubuhi haikufanana na niliyoihariri saa mbili usiku. Hakuna kolorimita inayoweza kuliponya hilo, kwa kuwa kosa halimo ndani ya skrini.

Paka ukuta ulio nyuma yako na ulio nyuma ya skrini rangi ya kijivu cha kati au nyeupe isiyong’aa. Geuza meza ili dirisha lisiwe mbele ya kioo wala nyuma yako, bali ubavuni, kisha weka pazia zito. Badilisha taa ya chumba iwe LED nyeupe yenye sifa nzuri ya kuonyesha rangi. Kwenye boksi la taa huandikwa CRI, na inayofaa ni 90 na kuendelea. Vaa fulana ya kijivu au nyeusi wakati wa kuhariri kazi muhimu, kwa sababu shati jekundu huonekana kwenye kioo hata pale usipolitambua. Kwenye kompyuta yenyewe, ondoa picha ya rangi kwenye mandhari ya skrini na uweke kijivu kitupu.

Kuandaa skrini

Washa skrini na uiache ifanye kazi kwa nusu saa angalau kabla ya kupima, bila kuiruhusu ilale. Mwangaza na rangi ya taa ya nyuma hubadilika kadiri inavyopata moto, na vipimo vilivyochukuliwa dakika tano baada ya kuwasha ni vya skrini ambayo hutaitumia. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kama unavyotukatikia, anza tena kuhesabu nusu saa kwa skrini iliyozimika. Usiendelee pale ulipoishia. Skrini na kompyuta vikiwa kwenye UPS, utaepuka hasara hiyo.

Baada ya hapo ingia kwenye menyu ya skrini yenyewe, ile inayofunguliwa kwa vitufe vya pembeni, na uzime kila kinachojiamulia. Zima kontrasti inayojibadilisha, zima hali ya kubana umeme, zima kihisi kinachofuata mwanga wa chumba, zima viongeza rangi na viongeza ukali wa picha. Kwenye kompyuta, zima kipengele kinachopunguza bluu nyakati za usiku, na kwenye Mac zima pia True Tone. Programu kama f.lux na Redshift zifungwe kabisa, maana hubadilisha weupe polepole kiasi kwamba huwezi kuona zinapofanya hivyo. Kwa kompyuta mpakato, chomeka chaja, kwa sababu nyingi hupunguza mwangaza na hata kubadilisha kontrasti zinapotumia betri.

Hakikisha kompyuta inatuma picha kwa idadi asilia ya pikseli za skrini hiyo. Kisha chunguza kebo. Ukiunganisha kwa HDMI, kadi ya video wakati mwingine huidhania skrini kuwa televisheni na kutuma ngazi za mwanga 16 hadi 235 badala ya 0 (weusi) hadi 255 (weupe), na hapo weusi huonekana kama majivu na weupe kama umefunikwa na chandarua. Hilo hurekebishwa kwenye mipangilio ya kadi ya video, katika sehemu ya kiwango cha rangi kinachotumwa, na lazima lirekebishwe kabla ya kupima, kwa sababu profaili itajaribu kulifunika na haitaweza.

Rudisha menyu ya rangi ya skrini kwenye hali ya kiwandani, chagua hali inayokuruhusu kurekebisha nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake, na uiache kontrasti pale ilipowekwa na kiwanda. Wengi huipandisha wakidhani wanaongeza uhai wa picha; kinachotokea ni kwamba ngazi za juu kabisa hufungana, na mshono wa kanzu nyeupe hupotea.

Kuchagua shabaha

Usahihi hauna maana mpaka useme ni usahihi wa nini. Anayetengeneza picha za mtandaoni na anayechapa kwa karatasi hawana shabaha moja.

Weupe ndio wa kuamuliwa kwanza. Kwa kazi za mtandaoni, video na picha kwa jumla, shabaha ni D65, mwanga wa mchana ambao joto lake la rangi ni takriban kelvini 6500. Kwa anayelinganisha skrini na chapa chini ya taa maalumu ya uchapaji, shabaha huwa D50, takriban kelvini 5000. Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Namba ya kelvini peke yake haitoshi kuutambulisha weupe, kwa sababu husema tu ni kiasi gani unaelekea bluu au njano. Haisemi kama unaelekea kijani au waridi. Skrini mbili zinaweza zote kusomeka 6500 na moja ikawa ya kijani waziwazi. Ukiweza, ipe programu shabaha kwa viwianishi vyake, yaani mahali pake kwenye ramani ya rangi ya CIE: D65 ni x 0.3127 na y 0.3290. Hizo ni namba mbili, na zikifikiwa zote mbili ndipo weupe umefikiwa.

Mwangaza ndio ulioharibu albamu yangu. Skrini nyingi zina uwezo wa kufikia kandela 250 hadi 350 kwa mita ya mraba, na huwekwa karibu na kilele hicho ili zivutie dukani. Kiwango cha sRGB, kinachofafanua rangi za kawaida za skrini na mtandao, kilichochapishwa mwaka 1999 kama IEC 61966-2-1, kinakadiria skrini ya kandela 80. Kwa kuhariri ndani ya chumba chenye mwanga wa wastani, kandela 100 hadi 120 zinafaa. Kwenye chumba cha giza, 80. Kwa anayechapa, karatasi yenyewe inaweza kuwa mwalimu. Karatasi nyeupe inayopokea mwanga wa luksi 500, ambao ndio kiwango cha ISO 3664 cha kutazamia chapa katika hali ya kawaida, hurudisha takriban kandela 140. Weka karatasi hiyo kando ya skrini mahali utakapokuwa ukilinganishia, fungua ukurasa mweupe, na ushushe mwangaza mpaka weupe wa pande zote mbili uwe na uzito mmoja. Ukiona umefika kandela 100 badala ya 120, usihangaike. Chumba chako ndicho kilichosema.

Gama ni 2.2 kwa kazi nyingi. Wanaohariri video kwa ajili ya televisheni ndani ya chumba cha giza hutumia 2.4. Kuhusu weusi, uache uwe wa chini kadiri skrini inavyoweza. Hakuna faida ya kuunyanyua.

Kupima

Programu zinazokuja na kifaa zinatosha, lakini mimi hutumia DisplayCAL, ambayo ni ya bure na imejengwa juu ya ArgyllCMS ya Graeme Gill, kwa sababu huonyesha wazi kila inachokifanya. Toleo la awali halikuendelezwa hadi kwenye mifumo ya leo, kwa hiyo tafuta lile lililohamishiwa Python 3.

Safisha kioo kwa kitambaa laini kikavu. Inamisha skrini kidogo kwenda nyuma ili kolorimita ilale juu ya kioo kwa uzito wake, kizito cha waya wake kikining’inia upande wa pili, na uhakikishe hakuna mwanga unaopenya kati ya kifaa na kioo. Usikibandike kwa gundi wala kukisukuma, kwani kioo laini kikibonyezwa hubadilisha rangi pale pale panapopimwa. Zima taa ya chumba. Acha kifaa kwenye kioo kwa dakika kadhaa kabla ya kuanza, nacho kipate joto la skrini.

Programu itaanza na hatua ya kurekebisha kwa mkono, na hapa ndipo subira hulipa. Utaona mistari mitatu, nyekundu, kijani na bluu, ikionyesha umbali wa kila rangi kutoka kwenye shabaha. Rekebisha kwa vitufe vya skrini, na kanuni ni kushusha ile iliyozidi, si kupandisha iliyopungua, maana ukipandisha kupita mia ngazi za juu zitafungana. Ikiwa bluu imezidi, ishushe kidogo kidogo; kijani kikionekana kusogea, kiguse; kisha rudi kwenye bluu. Baada ya hapo weka mwangaza, halafu rudi tena kwenye rangi, kwa kuwa kimoja humsogeza mwenzake. Kuzunguka mara mbili au tatu ni jambo la kawaida.

Kazi hiyo ya mkono ina sababu ya kihesabu. Skrini ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi. Ukiiachia kadi ya video ipunguze bluu hadi asilimia 80, itabidi itumie ngazi kama 204 tu kati ya hizo, na anga la jioni juu ya bahari, ambalo hugeuka kutoka bluu kwenda rangi ya chungwa bila mpaka, litaonyesha mistari kama ngazi za jengo. Kadiri vitufe vya skrini vinavyofanya zaidi, ndivyo kadi inavyobakiwa na kazi ndogo.

Ukimaliza, iachie programu iendelee. Washa kipengele cha kufidia kuyumba kwa weupe na weusi ikiwa kipo, ambacho huupima tena weupe mara kwa mara na kurekebisha vipimo kama skrini imesogea. Kwa skrini ya kawaida, sampuli mia moja na kitu zinatosha, na profaili rahisi ya aina ya matriki inafaa kuliko ile ya jedwali kubwa, kwa kuwa programu nyingi zaidi huielewa. Chagua toleo la 2 la profaili kwa sababu hiyo hiyo. Usiguse kipanya wala kufungua kitu kingine mpaka kazi iishe, na mlango ufungwe, ili mtoto asiingie kuuliza chaji ya simu na kuwasha taa.

Uhakiki

Namba ambazo programu hukuonyesha mara tu baada ya kutengeneza profaili zisikuridhishe, kwa kuwa hupima jinsi profaili inavyoafikiana na vipimo vilivyoitengeneza. Huko ni kumuuliza shahidi kama anakubaliana na ushahidi wake mwenyewe. Funga kila kitu, iwashe kompyuta upya, iache skrini ipate moto tena, kisha endesha kipimo kipya cha uhakiki kwa sampuli tofauti.

Matokeo huja kwa kipimo kinachoitwa delta E, ambacho ni umbali kati ya rangi iliyokusudiwa na iliyotokea. Fomula inayofuata jicho vizuri zaidi kwa sasa ni CIEDE2000. Wastani ulio chini ya 1 ni mzuri sana, chini ya 2 unafaa kwa kazi ya kulipwa, na rangi moja moja isizidi 3 au 4. Lakini usisome wastani peke yake. Tazama kwanza safu ya kijivu, kwa sababu jicho halisamehi kijivu chenye rangi: delta E ya 3 kwenye nyekundu iliyokolea inaweza kupita bila mtu kuiona, ilhali ya 3 kwenye kijivu cha kati itaharibu kila uso na kila kanzu katika albamu. Kisha tazama weupe na mwangaza uliofikiwa, uulinganishe na shabaha uliyoandika.

Tofautisha pia kurudiarudia na usahihi. Kolorimita ikikupa namba ile ile mara kumi, imethibitisha kuwa haiyumbi. Haijathibitisha kuwa inasema kweli, kwani kifaa chenye masahihisho yasiyo yake hukosea kwa uaminifu kila mara. Njia ya kuligundua ni kutafuta shahidi wa nje. Azima kolorimita ya mwenzako, au bora zaidi spektrofotomita, mpime weupe ule ule, mahali pale pale, dakika ile ile. Usipokuwa nayo, tumia kitu halisi ambacho rangi zake zinajulikana. Kadi ya ColorChecker yenye visanduku 24, iliyoelezwa na McCamy na wenzake mwaka 1976, ina thamani zinazojulikana: iweke chini ya taa nzuri ya D50 au mwanga wa mchana usio wa jua la moja kwa moja, fungua picha ya thamani zake kwenye programu inayosoma profaili, na ulinganishe safu ya kijivu kwanza, halafu nyekundu.

Mimi bado natumia kisutu. Nakiweka kwenye kiti pembeni mwa meza saa nne asubuhi, pazia likiwa wazi nusu, na kuitazama picha yake. Naangalia mambo matatu: kama nyeusi ya pindo bado inaonyesha nyuzi zake, kama nyeupe ya mji ina mshono unaosomeka, na kama nyekundu ni ya damu au ya chungwa. Nyuzi zikipotea, tatizo huwa kwenye gama au kwenye ngazi za HDMI. Nyekundu ikiwaka kuliko kitambaa chenyewe, mara nyingi ni skrini ya wigo mpana inayotazamwa kwa programu isiyosoma profaili, na dawa yake ni kubadilisha programu ya kutazamia, au kuiweka skrini katika hali yake ya sRGB na kuisawazisha humo.

Pima pia pembe za skrini. Weka kifaa katikati, kisha katika sehemu nane zinazoizunguka, ukionyesha weupe mtupu. Kingo huwa na mwangaza pungufu kidogo kwenye karibu kila skrini, na profaili haiwezi kulisahihisha hilo kwa kuwa inaijua sehemu ya katikati tu. Ukijua pembe ya kushoto ni ya njano, hutaiweka huko picha unayoihukumu. Skrini zenye paneli ya aina ya TN zina tatizo kubwa zaidi, kwani rangi hubadilika ukiinua kichwa tu. Kwa kazi ya rangi tafuta skrini yenye paneli ya IPS.

Profaili inayopotea

Kuna malalamiko ninayoyasikia mara kwa mara: skrini ilikuwa sahihi jana, leo imerudi kama zamani. Karibu kila mara skrini haina kosa. Masahihisho ya kadi ya video hupakiwa kila kompyuta inapowaka, na programu mbili zikishindana kuyapakia, au draiva ikisasishwa, hufutika. Bakiza programu moja tu ya kupakia. Kwenye Windows, fungua sehemu ya usimamizi wa rangi na uhakikishe profaili yako ndiyo iliyowekwa kuwa ya msingi kwa skrini hiyo hasa, kwani mwenye skrini mbili mara nyingi huzikuta zimebadilishana.

Kwa skrini mbili, pima kila moja peke yake kwa shabaha moja. Zikitofautiana kidogo machoni ingawa namba ni sawa, sababu ni kwamba taa zake za nyuma ni za aina tofauti na jicho la mtu halilingani kikamilifu na jicho la CIE. Chagua moja iwe ya kuhukumia rangi, na nyingine ibebe vitufe na mafaili.

Kompyuta mpakato haina vitufe vya nyekundu, kijani na bluu. Weka mwangaza tu, na ikiwa weupe wake wa asili hauko mbali na D65, uuache ulivyo badala ya kuilazimisha kadi kupoteza ngazi.

Rudia vipimo kila mwezi kwa kazi ya kulipwa, na kila miezi mitatu kwa matumizi mengine, kwa kuwa taa ya nyuma huzeeka taratibu. Andika katika daftari tarehe, mwangaza, viwianishi vya weupe na wastani wa delta E, ili uone skrini inakoelekea kabla mteja hajakuonyesha. Siku unayotuma kazi, muombe mchapaji profaili ya mashine na karatasi yake, uitazame picha kupitia hiyo. Kolorimita ihifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, mbali na dirisha la baharini, na vipakiti hivyo vibadilishe masika yanapoanza.